Minyoo wa Nyamuswa

Simu ya Magesa ilinikuta jikoni kwangu hapa Musoma, mikono imejaa unga wa udaga, ule muhogo uliovundikwa, nikaipokea kwa kuibonyeza na kiwiko. "Rebeka, dada amepumzika," alisema, kama anayengoja nikatae. Dada yake alikuwa Daktari Wakuru, aliyenifundisha kazi nilipokuwa na miaka ishirini na mitano, na ambaye tangu hapo sikuwahi kuacha kumpigia simu Jumapili baada ya ibada. Tulimzika Nyamuswa, nyumbani kwao, mvua ikiwa imekatika asubuhi ile ile na udongo ukishika viatu. Nilikaa chini ya turubai pamoja na akina mama. Mzee wa kanisa aliyesoma wasifu wa marehemu alipofika kwenye kazi yake alisema, "Alikuwa mtafiti wa minyoo," akakohoa, akakimbilia habari za ubatizo. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Minyoo gani, ya tumbo?" Mwenzake akajibu, "Labda ya ng'ombe. Alikuwaga na mambo ya ng'ombe huyu mama." Nilicheka huku machozi yananitoka, na jirani yangu akanipigapiga mgongoni akidhani nimezidiwa. Tangu siku ile nimekuwa nikiwajibu wale akina mama wawili kichwani mwangu, nikifua, nikisubiri usingizi. Acha niwajibu vizuri.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na nikapata nafasi ya kusomea ya pili chini yake, kwenye chuo kimoja cha kilimo kule Butiama. Yeye alikuwa amerudi karibuni baada ya kukaa ng'ambo miaka mingi, na chuo kilimpa chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbegu za pamba. Harufu ile haikuwahi kutoka. Tulipaka chokaa, tukapiga deki kwa sabuni na maji ya moto, tukafungua madirisha wiki nzima, lakini jua likishapanda kuta zilikuwa zinatoa mafuta ya mbegu za pamba kama vile magunia bado yamo. Ndani kulikuwa na meza ya saruji, jokofu lililokuwa likiguna, masanduku ya vioo, na pembeni, nyuma ya mablanketi mawili ya jeshi yaliyotundikwa dari hadi sakafuni, hadubini ya taa ya zebaki ambayo chuo fulani cha ng'ambo kilikuwa kimeichoka kikatupatia sisi. Siku ya kwanza nilipofika na sanduku langu, Daktari Wakuru alinitazama, au nilidhani ananitazama, akasema, "Wewe ndiye binti anayetoka Nyasura? Utakaa kwangu. Vyumba vya kupanga hapa havina maji, na mimi sitaki mtu anayekuja kazini amechoka kwa kubeba ndoo." Hakuniuliza kama nakubali. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, nywele amezikata fupi kama mwanafunzi wa sekondari, na alikuwa na tabia ya kugusa fremu ya mlango kabla ya kuingia, jambo nililolichukua kuwa maringo yake tu.

Sasa hao minyoo. Si wa tumbo, mama zangu, wala si wa ng'ombe. Ni minyoo wadogo wanaoishi kwenye matunda yaliyooza na kwenye udongo, hawamdhuru mtu, wanakula bakteria. Mmoja aliyekomaa ni mfupi kuliko unene wa shilingi, na mwili wake ni mwangavu kama kioo, kwa hiyo ukimweka chini ya hadubini unamwona mpaka ndani: koo linavyotafuna, utumbo, mayai yaliyojipanga tumboni. Wetu tuliwaokota kwenye mapapai yaliyoanguka shambani kwa Magesa, Nyamuswa, tukawalea kwenye visahani vyenye jeli. Kwa minyoo hawa wapo dume na jike, kama sisi. Ng'ombe wakipita, Magesa alikuwa akisimama kuwatazama dada yake na mimi tumepiga magoti kwenye mapapai yanayonuka, anatikisa kichwa. "Elimu yote ile," alikuwa akisema, "inaishia kwenye uozo."

Na swali letu lilikuwa hili. Mwili wa kiumbe una seli za kila kazi: za ngozi, za misuli, za utumbo, na zote hizo zinakufa pamoja na mwenye mwili. Lakini zipo chache zilizotengwa tangu mwanzo kabisa kwa ajili ya kuzaa, ndizo zitakazokuwa mayai kwa jike na mbegu kwa dume. Ndani ya seli hizo kuna protini fulani isiyopatikana kwingine. Watu wa ng'ambo walikuwa wameshaonyesha inakaa wapi kwa mnyoo wao wa maabara. Daktari Wakuru alitaka kujua kwa huyu wa Nyamuswa, ambaye hakuna aliyekuwa amemchunguza: protini ile iko wapi yai linapoanza kugawanyika, iko wapi mnyoo akiwa mchanga, iko wapi akiwa mkubwa. Ni swali dogo. Nilimwambia hivyo siku moja tukila, nikadhani namfurahisha kwa unyenyekevu. Aliweka tonge chini. "Ni dogo," alisema. "Ndiyo maana linaweza kujibika."

Njia ya kuiona protini ilikuwa hivi. Rafiki yake wa ng'ambo alikuwa amemtumia kingamwili, dawa inayojua kuitafuta protini ile na kuishika, na juu yake unaweka dawa ya pili yenye rangi inayowaka kijani ukiimulika na taa ya zebaki. Penye kijani ndipo ilipo protini. Ile dawa ya kwanza ilikuja katika kichupa kidogo kama kifuniko cha kalamu, na hakukuwa na nyingine. Rafiki yule alikuwa amestaafu. Lakini kabla ya kupaka dawa lazima ulipasue ganda la yai, na ganda lile ni gumu, kwa hiyo unalibana kati ya vioo viwili, unaligandisha ghafla kwenye chuma chenye baridi kali, kisha unakibandua kioo cha juu kwa ncha ya wembe, ganda linavunjika. Baridi ya namna hiyo, mkoa wote wa Mara, ilikuwa kwa mtu mmoja tu ninayemjua: Masatu, bwana mifugo wa Buhare, aliyekuwa akifanya kazi ya uhimilishaji, kuwatia ng'ombe mimba bila kuwapeleka kwa dume. Mbegu za madume ya ng'ombe alizihifadhi kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na alikubali kutugawia kidogo kila alipopokea. Basi nilikuwa naenda Buhare na mtungi mdogo mtupu aliotuazima, narudi Butiama nao umejaa, unatoa moshi mweupe kwenye kifuniko. Pale stendi watu walikuwa wananipisha. Mzee mmoja aliniuliza kama ni uji. Masatu, mtu mnene mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, ndiye aliyenifundisha la kujibu: "Waambie umebeba dume zima humo, tena la kizungu. Watakupa na kiti."

Kwa hiyo yule mama wa pili pale kwenye turubai hakukosea sana. Mambo ya ng'ombe yalikuwepo.

Kazi ya hadubini tuliifanya asubuhi, kabla joto halijapanda, mablanketi yamefungwa. Mimi nilikaa kwenye hadubini, yeye kwenye stuli kando yangu, magoti yetu yakigusana kwa ufinyu wa mahali. Kwa maabara nyingine mwalimu huangalia kwanza, kisha mwanafunzi. Kwetu ilikuwa kinyume. "Mimi nimeshaangalia maisha yangu yote," alisema. "Wewe angalia, mimi nisikilize." Nikafikiri ndiyo njia yake ya kufundisha. Mara ya kwanza kijani kilipotokea nilipiga kelele kama mtoto. "Daktari! Inawaka! Nzuri sana!"

"Nzuri siijui," alisema gizani. "Wapi?"

"Kwenye yai."

"Yai ni kubwa. Wapi?"

Nikatulia, nikaangalia upya. Lilikuwa yai la seli moja, limetungwa punde, na vipunje vya kijani vilikuwa vimetapakaa kote kama chenga za unga kwenye maji. Nikamwambia hivyo. Akauliza kama viko sawasawa pande zote. Vilikuwa sawasawa. Nikasogeza kioo, nikapata yai jingine lililoendelea kidogo, na humo vipunje vilikuwa vimesogea vyote upande mmoja, upande wa nyuma, kama watu waliosikia jambo wakakimbilia mlango mmoja. Yai lililofuata lilikuwa limeshagawanyika seli mbili. Ya mbele ilikuwa nyeusi tii. Ya nyuma ilikuwa inawaka. Nilimweleza yote, polepole, na kila nilipotumia neno kama "kama" au "nadhani" alinikatiza: "Unadhani au unaona?" Tukafuata hivyo yai hadi yai. Kila seli yenye kijani ilipogawanyika, mtoto mmoja alipewa vyote na mwenzake hakupewa kitu. Mwisho ilibaki moja tu kati ya kundi zima, nayo ikagawanyika mbili, na hizo mbili zikakaa kimya katikati ya mwili, zinang'aa, zisiongezeke, mpaka mnyoo atoke kwenye yai na aanze kula. Nilipotoka nje ya mablanketi siku ile macho yalikuwa yanauma na shingo imekakamaa, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Daktari Wakuru alikuwa ameegemea ukuta wenye harufu ya pamba, macho ameyafumba, anatabasamu. "Sasa hivi," alisema, "duniani wanaojua hilo la mnyoo wa Nyamuswa ni sisi wawili. Kesho utarudia, maana mara moja si kitu."

Nyumbani kwake tulikula vizuri. Nimekula kwenye hoteli za mikutano tangu wakati ule, na bado nakumbuka ugali wa mtama wa Daktari Wakuru, mweusi na mzito, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa juani kisha wakachemshwa kwa karanga, na maziwa mgando ambayo Magesa alileta Jumapili kwenye kibuyu. Alipenda kupika mwenyewe na hakutaka nimsaidie jikoni, ila kwa mambo fulani. Mchele nichague mimi. Samaki mwenye miiba midogo nimwambie kabla. Chai alimimina akiwa ameingiza ncha ya kidole ndani ya kikombe, na nilipomwona mara ya kwanza nilishangaa, mtu msafi kiasi kile. Siku nyingine aliweka sufuria kando ya jiko badala ya juu yake, na ikamwagika, na tukaokota maharage sakafuni. Mimi ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuona, na nilikuwa nimekaa naye miezi, na sikuwa nimeunganisha lolote kati ya hayo. Nikiwafundisha vijana siku hizi huwa nawaambia kuhusu zile chai. Hadubini haikusaidii kitu kama mezani huangalii.

Nililijua jambo lenyewe Jumapili moja mchana. Magesa alikuwa amekuja na maziwa, mimi nimejilaza chumbani, na wao wako sebuleni wakiongea Kiikizu, ambacho nakielewa vya kutosha. Kuta za nyumba ile hazikufika darini. Nilimsikia Magesa akisema, "Dada, mwambie huyo mtoto. Daktari wa macho amekwambia macho hayarudi. Utaficha mpaka lini?"

"Naona mwanga bado," alisema. "Naona mtu akipita."

"Na hiyo kazi yenu? Unaona?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, taratibu, kwa kutafuta mahali pake.

"Sijaona kijani hata siku moja tangu nirudi," alisema. "Kila kitu kilichomo kwenye kazi ile ni yeye ameona. Nikimwambia, Magesa, ataanza kunihurumia. Na mtu akikuhurumia anakuambia unachotaka kusikia. Kazi itakufa."

Nililala pale, macho darini, kibuyu kikigongwa kule sebuleni. Huzuni ilikuja baadaye. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa woga: kwamba asubuhi zote zile nilizozungumza gizani nikidhani kuna mtu anayenisahihisha, hakukuwa na mwingine aliyeona. Kama nimekosea, tumekosea. Nilikaa nalo siku chache. Nilianza kusema kwa sauti vitu nilivyokuwa nafanya kimya, "ndoo iko hapa mlangoni, Daktari," "nimekuwekea kiti kulia," mpaka asubuhi moja ndani ya mablanketi, kabla sijawasha taa, akaniuliza, "Tangu lini?"

"Jumapili Magesa alipokuja."

"Na unajua nini?"

"Kwamba huoni. Na kwamba unaogopa nitakudanganya."

Alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, "Ni shinikizo la macho. Mama yetu pia alikuwaga hivyo. Nilidhani litanisubiri nimalize kazi hii." Nikamshika mkono. Aliuacha kidogo mkononi mwangu, kisha akauchukua. "Haya, washa," alisema. "Leo ni madume."

Madume ndio waliotugombanisha. Daktari Wakuru alikuwa na wazo alilolibeba tangu ujana wake, kwamba kwa minyoo wenye baba na mama kama wa Nyamuswa, protini ile ingekutwa pia ndani ya mbegu ya dume iliyokomaa, kwamba baba naye anampa mtoto sehemu yake. Alilipenda wazo lile. Alikuwa amelitetea mbele za watu ng'ambo, wakamcheka kwa adabu. Nikaangalia dume wa kwanza. Ndani yake kuna mrija mmoja: mwanzo wa mrija seli bado changa, mwisho wake mbegu zimeshakomaa, tayari. Mwanzoni kijani kilikuwa kikali, kila kiini kimezungukwa na vipunje kama shanga shingoni. Nikafuata mrija. Kikapungua. Nikafika kwenye mbegu zilizokomaa, na pale palikuwa giza.

"Hakuna, Daktari."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Hakuna."

"Umeosha sana. Umeisuuza dawa ikatoka. Rudia."

Nikarudia, siku nyingine, madume wengine. Hakuna. Akasema dawa imeharibika. Akasema naitrojeni ya Masatu ilikuwa imepungua, chuma hakikupata baridi. Kichupa kilikuwa kinaelekea kuisha na tulijua wote wawili. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekaa kwenye stuli yake kabla yangu, shingo ameinyoosha. Najua sasa ni nini kilichokuwa rahisi kwangu siku ile. Ningesema tu, "Naona kidogo, Daktari, naona kijani chembamba." Hakuna mtu yeyote angejua. Angefurahi, na mimi nilikuwa nampenda, na macho yake yalikuwa yamekwisha. Badala yake nilijikuta nimekasirika. "Daktari, nisikilize. Mwanzo wa mrija na mwisho wa mrija ni mnyoo mmoja. Ni kioo kimoja, tone moja la dawa, sabuni moja. Mwanzo unawaka. Kama dawa imeharibika, mbona mwanzo unawaka? Kama nimesuuza sana, mbona nimesuuza mwisho peke yake?"

Nje mtu alikuwa akiita mbuzi. Nikaanza kujuta ukali wangu.

"Inapungua wapi?" aliuliza.

"Pale seli zinapogeuka kuwa mbegu. Zinaibwaga. Naona mabaki yake yamebaki pembeni, kwenye vijipande vinavyoachwa."

"Zinaibwaga," alirudia. Alikuwa analia, nadhani, maana alipitisha kanga usoni. Kisha akaanza kucheka. "Miaka yote ile nimegombana na watu bure! Kumbe ni mama peke yake. Yai ndilo linalobeba. Lo! Rebeka, hebu nieleze tena, kuanzia mwanzo wa mrija, usiruke."

Nikamweleza tena. Nadhani sijawahi kueleza kitu vizuri vile, wala kusikilizwa vile.

Kabla mwaka haujaisha tuliitwa mbele ya jopo la idara kueleza matokeo. Kilikuwa chumba cha mikutano chenye viti vya plastiki na soda za moto. Nilizungumza mimi, picha zikionyeshwa ukutani, na mwisho mkuu wa idara, mtu mkimya aliyevaa sweta hata kwenye joto, akamgeukia mwalimu wangu. "Daktari Wakuru, hizi picha za dume ni hafifu. Kutokuona kitu si sawa na kitu kutokuwepo. Wewe mwenyewe umeliona giza hilo kwa macho yako?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyejua isipokuwa Magesa na mimi. Nilimtazama akisimama, kidole kimoja kikigusa ukingo wa meza. "Hapana," alisema. "Sijaona kitu chochote katika kazi hii. Nina upofu, na nimeuficha hapa chuoni tangu niajiriwe. Aliyeona ni huyu. Kuhusu dume nilimwambia amekosea, zaidi ya mara moja, na alikataa kunipendeza. Kama mna shaka, shaka yenu iwe kwangu niliyeficha. Kuhusu yeye, nendeni mkaangalie kioo chake."

Watu waliguna. Mmoja alisema basi kazi haiwezi kupita. Mwingine alisema ni aibu kwa chuo. Mkuu wa idara alikunja karatasi zake bila haraka, akauliza kama kioo bado kipo, nikasema kipo, rangi haijafifia bado. Kesho yake asubuhi alikuja stoo peke yake, na sweta lake, akapita chini ya mablanketi, akakaa pangu. Nilimsogezea kioo. Daktari Wakuru alikuwa kwenye stuli. Tulimsikia yule baba akipumua kwa pua, akigeuza kirekebishio, akirudi nyuma, akienda mbele tena. "Huku panawaka," alisema mwishowe. "Kama shanga." Akaendelea. "Hapa panafifia." Akaendelea. "Hapa hamna." Akatoka, akasimama mlangoni akijifuta macho kwa sababu ya mwanga. "Imepita," alisema. "Ila, Daktari, ungetuambia. Tungekuwekea hata kamba ya kushika kwenye ile njia ya mawe."

Mambo yaliisha vizuri kwa namna na vibaya kwa namna. Makala yetu ilichapishwa, jina langu likiwa la kwanza, kwa amri yake. Maabara ilipewa mtu mwingine, maana sheria ni sheria, na yeye aliendelea kufundisha darasani kwa kichwa muhula mmoja, wanafunzi wakijaa mpaka madirishani, kisha akarudi Nyamuswa kwa Magesa. Mimi nilipata kazi, nikaolewa, nikazaa, na kuna miaka minyoo waliniletea chakula na miaka mingine nilifundisha biolojia sekondari. Wapo walioniambia kwamba yule mama alinitumia. Sijawahi kuliona hivyo. Kabla yake nilikuwa mtu anayeangalia usoni mwa wakubwa ili ajue aseme nini. Yeye hakuwa na uso wa kusoma kule gizani, wala mimi sikuwa na macho mengine ya kuyategemea, na kwa hiyo ilinibidi nianze kuamini kilichopo mbele ya macho yangu. Sijui ni nani mwingine angeweza kunifundisha hilo.

Kabla hajahama Butiama tulikwenda pamoja Buhare kumrudishia Masatu mtungi wake. Masatu alitulazimisha kunywa soda, akasimulia habari za ndama aliyezaliwa na mkia mweupe, akatuaga mara tatu bila kutuacha tuondoke. Kisha Daktari Wakuru akasema anataka samaki wa kupeleka kwa Magesa, tukaenda soko la samaki pale Musoma mjini, kando ya ziwa. Mwaka mzima alikuwa akitembea mbele yangu au kando, akigusa kuta kana kwamba anazikagua. Siku ile, mbele ya watu wote, kwenye saruji iliyolowa maji na magamba, aliingiza mkono wake kwapani mwangu na kujiegemeza. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mama mmoja muuza samaki, kanga imefungwa kifuani na kisu mkononi, alituona tukija hivyo, akatabasamu. "Karibu, bibi, nina sato wa leo hii. Huyu anayekushika ni binti yako? Mmefanana."

Nilikuwa tayari kukubali. Ningefurahi.

"Hapana," alisema Daktari Wakuru, akinyoosha mkono kutafuta samaki mezani, akamshika mmoja na kumbonyeza kwenye mashavu. "Ni mwenzangu kazini. Sasa niambie, huyu umesema ni wa leo?"